Doria ya zamu, mlinzi wa kulipwa, au taa na milango: mtaa wako Bagamoyo uchague ipi?

Duka likivunjwa Magomeni au pikipiki ikiibwa Nianjema, mkutano wa mtaa hauchelewi kuitishwa, na hoja zinazotolewa huwa tatu zilezile. Wapo wanaotaka vijana waanze doria ya zamu usiku huohuo. Wapo wanaosema watu wana kazi zao asubuhi, tuchange tuweke mlinzi. Na wapo, aghalabu akina mama, wanaouliza kwa nini kichochoro cha kwenda msikitini hakina taa. Kila upande una hoja ya kusikilizwa. Kinachoharibu ni kuamua kwa hasira ya wiki ile: miezi miwili baadaye doria imepwaya, mlinzi anadai mshahara, na kichochoro kiko gizani vilevile.

Nimeziweka njia hizo tatu pamoja ili mtaa au kitongoji kilicho njia panda kipate pa kuanzia. Polisi sijawahesabu kama njia ya nne, kwa sababu zote tatu zinaishia kwao. Mshukiwa akikamatwa hana pengine pa kupelekwa.

Kwanza mjue mnaibiwa nini

Takwimu za uhalifu katika mji mdogo zinahitaji kusomwa taratibu. Mtaa ulioripoti wizi 2 mwaka jana ukiripoti 5 mwaka huu, mtu anaweza kusimama na kutangaza kwamba uhalifu umepanda kwa asilimia 150, na hesabu yake itakuwa sahihi. Lakini huenda matukio yote matatu yaliyoongezeka ni ya kijana mmoja aliyevunja nyumba tatu ndani ya wiki moja. Kinyume chake pia hutokea. Kitabu cha kituo kinaweza kuonyesha utulivu kumbe watu wameacha kwenda kuchukua RB, namba ya ripoti ya polisi, kwa kuwa wanaona kuku, simu ya tochi au mtungi wa gesi havistahili safari.

Kwa hiyo kabla ya kupiga kura, kaeni na mjumbe na mwenyekiti muandike matukio ya miezi 12 iliyopita: kiliibwa nini, wapi, saa ngapi, mwizi aliingiaje, na iliripotiwa au la. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na inabadilisha mazungumzo yote. Bagamoyo haiibiwi kwa namna moja. Pwani kwenye soko la samaki kilio ni nyavu na mashine za boti. Kuelekea Kiromo, Zinga, Mapinga na Kerege, ambako watu wa Dar es Salaam wamenunua viwanja na kujenga polepole, kinachotoweka ni nondo, saruji, nyaya na milango ya nyumba ambazo hazijahamiwa. Katikati ya mji ni simu, pikipiki na maduka. Njia ya kwenda magofu ya Kaole ina sifa yake ya siku nyingi: wageni huonywa wasiipite peke yao kwa kuogopa kuporwa.

Njia zote tatu nimezipima kwa mambo matano: pesa na jasho zinazodai, mwizi zinayemzuia, mipaka ya sheria, zinavyougusa ujirani, na namna zinavyokufa. Hili la mwisho nalipa uzito mkubwa, kwa sababu mipango mingi ya ulinzi huanza vizuri.

Pesa na jasho

Doria ya zamu huonekana ya bure, na sivyo. Gharama yake ni usingizi. Mtaa wenye wanaume 60 wanaoweza kukesha, ukipanga watu 6 kila usiku, kila mmoja atatoka mara moja kwa siku kumi. Hiyo inavumilika. Wakibaki 25 wanaoitikia kweli, zamu inamrudia mtu kila baada ya siku nne, na dereva wa bodaboda aliyekesha asubuhi anabeba mtoto wa shule akiwa anasinzia. Halafu kuna jambo ambalo wageni wa pwani hawalijui. Wavuvi wa dagaa hutoka kwa taa usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa. Usiku ambao mwizi anaupenda kuliko wote ndio usiku ambao wanaume wengi wako baharini. Ratiba ya zamu iliyoandikwa bila kuangalia mwezi ina tundu katikati.

Mlinzi wa kulipwa anahitaji hesabu ya kweli kuliko watu wanavyodhani. Kaya 60 zikichanga shilingi 5,000 kila mwezi ni 300,000. Wakilipa 40 tu ni 200,000. Na mlinzi mmoja hatoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, yaani jumla ya saa 230. Mtu anayelinda kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi bila kupumzika hata siku moja anafikisha saa 280 katika wiki nne hizo. Juu ya hapo kuna nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara kwa kazi ya usiku. Basi ni walinzi wawili, au mmoja kwa siku chache tu zilizochaguliwa. Mkipitia kampuni, mambo ya likizo, NSSF na sare yanakuwa juu yao, lakini bei hupanda. Mkimwajiri mtu wenyewe, yanakuwa juu yenu, hata kama hakuna aliyeyataja mkutanoni.

Taa na milango hudai pesa nyingi mwanzoni, kisha kidogo. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku hula uniti 3 na kidogo kwa mwezi. Kwa mwenye nyumba wa kawaida hiyo ni kama shilingi elfu moja na mia kadhaa za LUKU. Nyumba ishirini zikiwasha taa ya nje usiku kucha, mtaa mzima umepata mwanga bila kusubiri nguzo za barabarani. Grili, komeo la ndani na kufuli zuri ni gharama ya kila kaya, na hapa ndipo dhuluma ilipo: mwenye nacho atajifungia, mpangaji wa chumba kimoja cha uani atabaki na kitasa kilichochakaa. Mtaa ukichagua njia hii, mchango wa kwanza uende kwenye milango ya wasio na uwezo.

Inamzuia mwizi yupi

Doria inamtisha kibaka anayezunguka, mgeni anayezurura saa nane usiku na gunia begani, na vikundi vya vijana. Haimzuii anayejua ratiba, na katika mji mdogo anayejua ratiba ni rahisi kumpata, maana huenda mwenyewe yumo zamuni. Usiku wa mvua za masika ni udhaifu wake mwingine: mabati yanapiga kelele, mlango ukivunjwa hausikiki, na wanadoria wamejibanza barazani.

Mlinzi ana nguvu mahali penye mipaka. Mpe geti, uzio wa saiti, safu ya maduka, bandarini penye boti zilizofungwa pamoja, atafanya kazi. Mpe mtaa wa nyumba 60 zenye njia saba za kuingilia, atakuwa upande wa kusini wakati mwizi yuko kaskazini. Watu humlaumu kwa hilo bila haki.

Taa zinafanya kazi pale ambapo uhalifu unategemea kutoonekana: kichochoro, kona ya stendi, njia ya kutoka kwenye tarawehe. Mwezi wa Ramadhani nyumba nyingi hubaki tupu kwa saa moja hivi baada ya isha, na watu wote mjini wanajua. Hapo taa ya nje na komeo zuri vinasaidia kuliko doria, kwa sababu wanadoria nao wako msikitini. New York ilipoweka minara ya taa kwenye baadhi ya makazi ya umma mwaka 2016, watafiti waliona uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku umepungua kwa takriban theluthi moja. New York si Dunda, kata yetu ya hapa mjini, na polisi wake ni wengi, kwa hiyo sitegemei tupate kiasi hicho. Ninachochukua ni kwamba mwanga haukuhamishia tatizo lote mtaa wa pili kama wengi wanavyohofia. Lakini taa haimzuii aliyekaribishwa ndani, wala haimkamati mtu.

Sheria, na roho ya mtu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo mitaa inapoingia kwenye msiba.

Doria ya wananchi ina mizizi halali. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yakawatambua na kuwapa mamlaka ya kukamata. Polisi jamii na ulinzi shirikishi vilipewa msukumo mkubwa Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi kuanzia 2006. Katiba yenyewe, Ibara ya 146, inazipa serikali za mitaa kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kwa sharti la kumfikisha polisi bila kuchelewa bila sababu.

Hakuna popote katika hayo palipotoa ruhusa ya kupiga. Hakuna ruhusa ya kumhoji mtu kwa bakora hadi ataje wenzake, wala ya kumtoza faini kwa sababu tu alikutwa njiani saa sita. Faini isiyo kwenye sheria ndogo iliyopitishwa na halmashauri haina msingi, na mwanadoria anayeipokea mkononi ameanza kazi nyingine. Tunajua mwisho wa njia hii. Katika miaka ya 2010 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu mamia ya watu waliouawa na wanaoitwa wananchi wenye hasira kali. Baadhi yao walipigiwa tu kelele za mwizi na mtu mwenye ugomvi wake. Kwa sheria yetu, waliokusudia pamoja wanawajibika pamoja: aliyeleta tairi, aliyeleta kiberiti, aliyeshika miguu, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa. Mtaa unaoanzisha doria bila kuandika kanuni ya kutopiga, na bila mtu mzima anayeheshimika katika kila zamu, unawaweka vijana wake hatarini kuliko mwizi anavyowaweka.

Kuna utafiti mmoja wa kuzingatia. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha majaribio ya polisi jamii katika nchi sita, Uganda ikiwemo, na kwa jumla hayakupunguza uhalifu wala kuongeza imani ya wananchi kwa polisi. Hayo yalikuwa majaribio ya polisi kwenda kwa wananchi na si ya doria za zamu kama zetu. Hata hivyo yanaonya kwamba mikutano na namba za simu bila ufuatiliaji haileti kitu. Kabla ya usiku wa kwanza, mkaguzi wa polisi wa kata awajue wanadoria kwa majina, na ijulikane nani anapigiwa simu saa tisa usiku.

Kwa mlinzi wa kulipwa, swali la kisheria ni moja: mwajiri ni nani? Mtaa unaochanga kwa mazoea bila mkataba, mlinzi akijeruhiwa, utasikia kila mtu akisema si wangu. Wapeni mkataba wa maandishi, na kama mnaweza chagueni waliopitia mafunzo ya mgambo, kwa sababu wamefundishwa mipaka ya kukamata. Bunduki iondoeni kwenye mazungumzo ya mtaa. Filimbi, tochi, simu yenye salio na rungu vinatosha.

Taa na milango vina mambo machache. Mji Mkongwe una majengo ya kale yaliyo chini ya hifadhi, hivyo kabla ya kutoboa ukuta wa mawe ya matumbawe au kubadilisha mlango wa zamani, ulizeni ofisi ya Mambo ya Kale. Na mwenye kamera aielekeze kwake na kwenye njia, si uani kwa jirani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, mwanamke anayefua uani kwake ana haki ya kutorekodiwa.

Ujirani

Mwizi wa mji mdogo ana shangazi. Hili ndilo linaloifanya Bagamoyo iwe tofauti na Dar es Salaam, na linaigusa kila njia.

Doria ikiongozwa vizuri hujenga. Wapangaji wapya wanafahamika, vijana wanapata heshima ya kazi, na mzee anayeishi peke yake anabishiwa hodi na mtu anayemjua. Ikiongozwa vibaya inakuwa kundi la vijana wanaowasimamisha wasichana na kudai kuona simu zao. Akina mama wawe kwenye kamati, si kwa kupika chai ya wanadoria, ila kwa kuamua nani aingie zamuni na nani asiingie. Wao wanajua tabia za vijana wa mtaa kuliko mwenyekiti.

Usiri nao ni suala la uhai. Wakati wa mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, mkoani kwetu humuhumu, viongozi wa vijiji walikuwa miongoni mwa waliouawa. Usimlazimishe mtu kutaja jina mbele ya mkutano. Amwambie mtu mmoja anayemwamini, naye alifikishe kituoni.

Mlinzi wa kutoka nje ya mtaa, awe Mmasai au mtu wa Handeni, ana faida ya kutokuwa na shangazi hapa. Hamwonei mtu haya. Upungufu wake ni kwamba hajui nani ni nani, kwa hiyo atamsimamisha mjukuu wa Mzee wa nyumba ya tatu na kumwacha mgeni aliyevaa vizuri. Mtambulisheni nyumba kwa nyumba siku ya kwanza, mpeni chai, mwiteni kwa jina.

Taa hazigombanishi mtu. Kuta ndefu ndizo zenye shida: ukuta wa futi nane humficha mwizi akishaingia, na jirani aliyekuwa akiona uani kwako haoni tena kitu. Baraza zetu za zamani zilikuwa na watu wanaotazama njia jioni nzima, na sioni kwa nini tuzipoteze kwa hofu.

Zinavyokufa

Doria hufa kwa uchovu baada ya mwezi wa pili, au kwa kelele za "fulani hajatoka na hakuna aliyemuuliza," au kwa mtu kupigwa. Dawa ya sababu ya kwanza ni kuipa muda maalumu: wiki sita, kisha tathmini, badala ya milele.

Mpango wa mlinzi hufa kwa michango. Mwezi wa kwanza wanalipa wote, wa nne wanalipa wale wale. Kusanyeni ya miezi mitatu mbele, kwa risiti, na mweka hazina asiwe mwenyekiti. Mlinzi anayelala zamuni mara nyingi ana kibarua kingine mchana kwa sababu mlichomlipa hakitoshi.

Taa hufa kimyakimya. Balbu inaungua, betri ya sola inachoka, umeme unakatika, na paneli yenyewe inaweza kuibwa. Kila taa iwe na jina la mtu mmoja anayeiangalia.

Chagua kwa hali yenu

Kama orodha yenu imejaa nyavu, mashine za boti na samaki, changeni mlinzi wa sehemu moja ya kufungia vyombo, na mlipeni zaidi usiku wa giza. Doria ya zamu hapo itakosa watu.

Kama ni eneo la viwanja na nyumba zinazojengwa, ambako majirani ni wachache na wenye mali wako Dar es Salaam, wenye saiti watatu au wanne waungane kwa mlinzi mmoja mwenye mkataba na msaidizi wa kumpumzisha. Vifaa vya thamani visilale saiti. Taa tupu mahali pasipo na mtu wa kutazama humwangazia mwizi nondo.

Kama ni mtaa wa zamani wenye nyumba zilizobanana na uporaji wa vichochoroni, anzeni na taa za nje na milango ya wanyonge, kisha muone. Wengi hapa hawatahitaji kukesha.

Kama kuna wimbi la ghafla la kuvunja nyumba, doria ya wiki sita iliyosajiliwa kwa mtendaji na kituo cha polisi ndiyo ya haraka kuliko zote. Itumieni muda huo kukusanya pesa za taa au mlinzi. Wakati wa tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, mji unapojaa, doria fupi ya siku hizo tu inatosha kwa mitaa ya jirani.

Kama tatizo ni wageni kuporwa njia ya Kaole, hilo ni la waongoza watalii, hoteli na halmashauri pamoja: vichaka vifyekwe, wageni waende na mwongozaji. Msiwabebeshe wakazi wa kando ya njia peke yao.

Na kama mnapoandika orodha mtagundua, kama mitaa mingine itakavyogundua, kwamba matukio mazito ni mke kupigwa na mtoto kuharibiwa ndani ya nyumba iliyofungwa vizuri, hakuna kati ya njia hizi tatu inayofika huko. Kinachohitajika ni jirani anayegonga mlango mapema na kwenda na mwathirika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako fomu ya PF3 hutolewa kwa ajili ya hospitali. Namba 116 ni ya watoto, 112 ni ya dharura ya polisi. Ziandikeni kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, chini kiasi cha mtoto kuzisoma.